Uhuru wa Nani?

Uhuru ni neno moja, lakini walitamkao hawakusudii jambo moja. Mwaka 1836 wakazi wa Texas, jimbo la mpakani mwa Meksiko, walijitangazia uhuru. Lalamiko lao lilikuwa na haki ndani yake: serikali ya Santa Anna ilikuwa imeitangua katiba ya mwaka 1824, iliyoyapa majimbo madaraka yao. Walipigana, na tarehe 21 Aprili wakashinda huko San Jacinto.

Hata hivyo, katiba yao mpya ililikataza Bunge kuwaacha huru watumwa, ikamnyima Mwafrika aliye huru ukaazi wa kudumu bila idhini ya Bunge. Je, udhalimu huo unaibatilisha haki waliyoidai? La; dhuluma haifuti dhuluma. Lakini asemaye kwamba mtu hapaswi kutawaliwa bila ridhaa yake amewasemea watu wote, hata wale aliowafunga minyororo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru tarehe 19 Juni 1865. Kati ya uhuru wa nchi na uhuru wao ilipita miaka 29. Aulizwaye kama nchi ni huru, na amtazame kwanza mnyonge wake.