Kabati la Mvule Si Kuni

Wiki hii kuna kabati ambalo limekataa kunitoka akilini. Tulikuwa matangani karibu na Keroka, mji ule wa mpakani, nusu Kisii nusu Nyamira. Nyuma ya jikoni vijana walikuwa wakipasua kabati la marehemu kwa shoka ili kuongezea moto chini ya sufuria. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, juu yake kahawia, na juu ya zote vanishi iliyokwisha kufanya weusi. Shoka lilipoingia, ndani pakatokea manjano ya dhahabu. Mvule mtupu.

"Mwalimu, hilo ni la kitambo," kijana mmoja aliniambia kwa heshima. "Tumeshaagiza lingine mjini."

Niliomba mlango uliosalia, nikapewa. Sasa uko barazani kwangu, na kila jioni nautoa rangi kidogo kidogo. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Unapaka dawa ya kulainisha rangi, unangoja ivimbe, unakwangua kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha unashika msasa: namba 80, halafu 120, mwishowe 220. Inachohitaji ni uangalifu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto, kwa hiyo haifai kuichoma wala kuisugua ikiwa kavu. Vumbi la mvule nalo hukereketa pua na kifua. Wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, Kisii, husugua mawe yao yakiwa majini, vumbi lisipate kupaa. Nami naloweka msasa, nafunga pua kwa kitambaa, na mabaki nayazoa kabla watoto na kuku hawajayafikia. Rangi ikiisha, mbao inaachwa kivulini hadi ikauke sawasawa. Katika mvua zetu hizi, anayekimbilia vanishi hufungia maji ndani.

Najua nitaulizwa: nani ana muda huo? Dawa, msasa na vanishi ni pesa. Si afadhali kununua jipya? Inategemea jipya lipi. Makabati mengi yanayouzwa siku hizi ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye sura ya mbao. Sakafu ikilowa, miguu inavimba. Skrubu ikilegea, haipati tena pa kushika. Na ukijaribu kulipiga msasa, chini ya karatasi hukuti kitu cha kung'arisha. La mvule utalikwangua wewe, baadaye atalikwangua mwanao, na mbao bado ipo.

Tena mbao hiyo tutaitoa wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na mvule hutaka miongo kadhaa kabla haujatoa ubao mpana. Nani atausubiri kwenye robo ekari? Tunapanda mikaratusi kwa sababu inawahi kuwa nguzo, na viwanda vya chai vinataka kuni. Simlaumu mkulima, ana karo ya kulipa. Lakini serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na tungepaswa kujifunza kuitunza ile tuliyo nayo tayari sebuleni.

Wengine wataniambia kwamba vitu vya wazee vinawakumbusha umaskini. Hapo nakataa kabisa. Nyumba nyingi za huku kwetu Gusii zilinunua samani zao za kwanza kwa pesa za pareto na kahawa, pesa zilizokuwa zikigombaniwa na ada za shule. Aliyeweza kusomesha watoto na bado akamwagiza seremala amtengenezee kabati la mvule hakuwa maskini wa mali wala wa akili. Kuliaibikia kabati lake ni kumdharau aliyetufikisha hapa.

Sisemi kila kitu kikuukuu kihifadhiwe. Kiti cha mbao laini kilichobunguliwa hadi moyoni, kiende zake. Nasema tu kwamba uamuzi usifanywe na shoka. Ligeuze kabati, kwangua kidogo chini ya mguu kwa kisu, utazame mbao iliyomo. Ukikuta mvule au mahogani, mwite fundi, na mwanao asimame kando yake ajifunze. Kuni za kupikia wageni zitapatikana kwa jirani. Kabati kama lile halipatikani tena.