Mabaki Ndani ya Difu

Mtu akikiri kosa ambalo hapana mwingine angeligundua, je, ni haki kumwadhibu sawasawa na yule aliyefumaniwa?

Nalijibu swali hili kwa kisa cha gereji. Difu ni gia zilizo katikati ya ekseli ya gari. Gari likikata kona, gurudumu la nje hwenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu ndiyo iyawezeshayo magurudumu hayo kuzunguka kwa kasi mbalimbali. Meno yake yakiwa mapya husuguana na kulainishana, yakatoa unga wa chuma unaonaswa na sumaku ya bolti ya kumwagia oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, mara nyingi baada ya kilomita 800 hivi.

Nilipokuwa karani kijana mwenye dhamana ya magari ya idara, mzee mmoja fundi aliiunda upya difu iliyovunjika meno. Oili ya kwanza ilipomwagwa, nikaona sumaku imevaa tope la kijivu. Barua ya kumshtaki ilikwisha kamilika kichwani mwangu kabla sijamsikiliza. Mzee akalichota tope lile, akalisugua baina ya vidole, akanipa nami. Lilikuwa laini kama wanja.

"Hili ni jasho la gia mpya, mwanangu," akasema.

Nikaridhika. Lakini vidole vyake havikukoma. Vikatoa kipande kidogo chenye ncha. Akaifungua difu mbele yangu, akayakagua meno moja moja. Yote yalikuwa mazima. Kipande kile kilikuwa cha gia ya zamani, kimesalia ndani ya mrija wa ekseli.

"Mrija sikuuosha. Kosa ni langu," akasema. "Kingeingia kati ya meno, gari lingeharibika na watu wamo."

Angeweza kukificha ndani ya unga, nami nisingejua. Kwa hakika nilikosa mara mbili: nilipolaumu palikuwa hapana kosa, na nilipotulia kosa lilikuwapo. Shuku yangu na imani yangu zote zilikuwa uvivu wa kutazama.

Katika taarifa niliandika mambo mawili: kwamba mrija haukuoshwa, na kwamba aliyeligundua hilo ni fundi mwenyewe. Akaamriwa kuiosha na kuifunga upya bila malipo, akabaki kazini. Kulifuta kosa kungefundisha uzembe. Kumfukuza kungefundisha vijana wote wa gereji ile kuficha.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli; lakini yatupasa kujiuliza ni nani aliyemfundisha mgonjwa kuficha. Mwalimu amwadhibuye sawasawa aliyekiri na aliyekana, asishangae siku darasa lake zima litakapokana. Kosa lirekebishwe na mwenyewe, na ukweli wake uhesabiwe. Hiyo ndiyo haki niionayo mimi.