Tumfungulie Nani Kinywa?

Ndugu msomaji, hivi jirani yako hapa Tukuyu akikuuliza ampeleke wapi mwanawe anayelia jino, wewe humjibu nini? Wengi wetu tunasema: "Nenda kwa fulani, yule mpole, hana makuu." Hapo ndipo linapozaliwa swali langu: je, upole unatosha kumfanya mtu aaminike?

Ukienda sokoni kununua parachichi, unalibonyeza, na bei ikikushinda unahamia kwa mama wa pili. Jino si parachichi. Mgonjwa halioni jino lake la nyuma, na akishapanua kinywa hata kuuliza hawezi. Likishang'olewa, ndiyo basi. Anayemfungulia mwenzake kinywa anamkabidhi kitu kikubwa kuliko pesa: anamkabidhi uamuzi.

Tukumbuke mambo ya "meno ya plastiki". Miaka ya 1980 ilienea sehemu mbalimbali za nchi imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana meno mabaya ndani ya ufizi. Akapelekwa kwa fundi wa kienyeji, ufizi ukachimbwa, vikatolewa vijino laini vyeupe. Kumbe ni meno yake halali ya utoto, hayajaota bado! Wapo waliovuja damu, wapo waliopata maambukizo, na wapo ambao hata meno ya ukubwani yaliharibika. Na homa yenyewe haikutoka ufizini. Je, mafundi wale walikuwa makatili? La hasha. Wengi waliamini kabisa kwamba wanamwokoa mtoto. Huruma ilikuwepo, ujuzi haukuwepo.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Mtaalamu anayemkaripia mama mbele ya foleni, eti kwa nini kachelewa, naye anaharibu. Mama yule harudi tena. Atatafuna karafuu nyumbani mpaka shavu livimbe. Ujuzi usiofikika una faida gani?

Basi sisi tusiosomea meno tumtambueje mkweli? Nathubutu kusema: kwa yale anayoyakataa. Anasema, "Hili lising'olewe, linazibika." Au anasema, "Hili limenizidi, nenda hospitali ya rufaa Mbeya." Ukimwuliza kama koleo limechemshwa, hanuni. Mtu aliye tayari kukosa malipo, au kupungukiwa sifa, ili wewe upone, huyo hata akisema "tung'oe" neno lake lina uzito.

Atatokea mtu aniambie: "Wewe bwana unazungumzia kuchagua! Mtu wa milimani kule Busokelo ana chaguo gani?" Kweli kabisa. Nauli ya kufika hospitali ya wilaya Makandana tayari ni mzigo kwake, sembuse kupitia Kiwira na Uyole mpaka Mbeya. Huyo atampanulia kinywa yeyote aliyepo.

Ndiyo maana naona mzigo wa jambo hili haumwangukii anayetafuta, bali anayetafutwa. Kuaminiwa na mtu asiye na pengine pa kwenda si sifa ya kujivunia, ni deni. Aliyekuchagua anaweza kukuacha kesho. Asiye na chaguo hana kinga nyingine mbele yako ila dhamiri yako.