Mteja Anayehama Kimya Kimya



Kwenye ukuta wa hosteli yetu pamebandikwa karatasi inayotukumbusha kwamba usafi ni nusu ya imani. Tunaipita tukienda kuoga, tunaipita tukirudi. Miaka miwili nimeipita bila kuiuliza swali lolote. Swali lilinijia muhula uliopita, na lilianzia kwenye sinia la mchele.

Mimi nimekulia Buyenzi, mjini Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na mwenye duka anajua jina la kila mtoto. Nilipokuja Mbale kusoma, duka la kwanza kunizoea lilikuwa la Hajati mmoja, hatua chache kutoka hosteli. Ni chumba kimoja tu: magunia ya mchele na maharage mbele, unga wa posho pembeni, sabuni na chumvi kwenye rafu, na paka wa kijivu anayelala juu ya gunia lolote analolipenda. Hela ya nyumbani ilipochelewa, Hajati aliandika jina langu kwenye daftari akanipimia. Hakuwahi kunidai mbele ya watu.

Siku hiyo tulikuwa tunachagua mchele wake, tukakuta kinyesi cha panya. Si kimoja wala si viwili. Tuliumwaga wote. Jioni ile habari ilizunguka chumba kwa chumba, na kabla ya mwezi kwisha karibu hosteli nzima ilikuwa imehamia supamaketi mpya ya barabara kuu: sakafu ya marumaru, friji zinazonguruma, unga uliofungwa vizuri kwenye pakiti, na kijana mwenye sare anayepiga deki kutwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kuhama. Kwa Hajati hakwenda mtu kusema neno.

Nilirudi kwake mara moja tu, kulipa deni la shilingi 23,000. Alilikata jina langu kwenye daftari, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, Hajati. Masomo tu yamekuwa mengi."

Ulikuwa uongo, na ndio ulionifanya niandike makala hii. Swali langu ni hili: mteja anayelihama duka chafu bila kusema ametimiza wajibu wake, au amejiokoa yeye tu?

Tuanze na haki ya mteja, maana hiyo haina ubishi. Hakuna anayelazimika kula uchafu kwa sababu ya ujirani. Panya huacha kinyesi na mkojo, na vyote viwili huweza kubeba vijidudu vya maradhi. Fiqhi nayo haikunyamaza. Katika hadithi ya Bi Maymuna (r.a.) iliyopokewa na Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu panya aliyeanguka kwenye samli, akaelekeza aondolewe yeye na samli iliyomzunguka, na iliyobaki iliwe. Hapo pana mafunzo mawili kwa pamoja: kilichochafuka kiondolewe, na kilichosalimika kisitupwe. Sisi tulifanya la kwanza kwa ukali wote. La pili hatukulikumbuka. Kwa sababu ya gunia moja la mchele tuliacha hata chumvi na sabuni zake.

Halafu kuna suala la paka. Mwenzetu mmoja alikuwa akisimulia kisa hiki kwa kicheko, na kila mara alimtaja paka kuwa ushahidi mkubwa wa uchafu wa duka lile. Lakini sisi ndio tunaosoma mlango wa twahara! Tumesoma jinsi Abu Qatada (r.a.) alivyomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na mkwewe Kabsha alipomtazama kwa mshangao akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Sisemi kwamba paka alale juu ya unga. Nasema kwamba tulikuwa tumechanganya mambo matatu: kilicho najisi, kilicho na madhara, na kisichopendeza macho. Kinyesi cha panya kina mawili ya mwanzo. Ukuta uliobanduka rangi una la tatu tu. Tulipokuwa tunalihama duka tulivihesabu vyote kwa jina moja, "uchafu", na nahofia kwamba sehemu ya tulichokikimbia haikuwa uchafu bali umaskini.

Na hapa niulize upande wa pili: je, tulichokifuata supamaketi kilikuwa usafi? Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi.

Zamani nikiisoma hadithi hii niliona suala la uzito na bei tu, kwamba nafaka iliyolowa huongeza kilo. Leo naona zaidi. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ikiliwa kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya ini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuipika posho hakuiondoi yote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, na wafanyabiashara wa mpakani wanaikumbuka vyema hasara yake. Sasa niambie, sakafu ya marumaru inatueleza nini kuhusu mahali mahindi yale yalipoanikwa? Haituelezi kitu. Mimi niliingia supamaketi, nikaona pakiti nyeupe iliyonyooka, nikaridhika. Sikuuliza imesagwa wapi, wala sikuangalia kama ina alama ya ubora. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo; mimi niliangalia juu ya rundo nikaondoka nimefurahi.

Sina maana kwamba supamaketi ni wadanganyifu. Kupiga deki ni jambo jema na yule kijana mwenye sare anastahili ujira wake. Ninachosema ni kwamba macho yetu hupenda usafi unaoonekana, na usafi unaoonekana una gharama: friji, umeme, mtu wa kufagia, maji ya bomba. Mwenye mtaji huununua. Asiye na mtaji huonekana mchafu hata pale ambapo mizani yake ni ya haki.

Nije sasa kwenye lililoniuma zaidi. Hadithi ya Tamim al-Dari (r.a.) inaifanya dini yenyewe kuwa ni nasaha: kwa Allah, kitabu Chake, Mtume Wake, viongozi na watu wote kwa jumla. Hajati yumo katika hao watu wote. Mimi niliwapa nasaha wenzangu wa hosteli, na sijutii, kwa kuwa Imam Nawawi katika Riyadh as-Swalihin ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu nyuma yake, mojawapo ikiwa ni kuwatahadharisha Waislamu na madhara. Lakini niliwaambia watu hamsini ambao hawakuwa na uwezo wa kuziba tundu hata moja la panya, nikamficha mmoja ambaye angeweza. Muumini ni kioo cha ndugu yake, tumefundishwa. Kioo humwonyesha doa mwenye uso. Hakiwaiti wapita njia waje kulitazama.

Kuna wenzangu wa biashara waliponisikia nikilisema hili walinijibu, "Wewe si mwalimu wake. Wateja wakimkimbia atajifunza mwenyewe." Nililifikiri jibu hilo kwa dhati, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lakini nenda ukaone Hajati alijifunza nini. Alipoona wanafunzi wamepotea, alidhani ni bei. Akapunguza sukari kwa shilingi 200 kila kilo. Ili asipate hasara, akaanza kuchukua mchele wa daraja la chini, wenye chenga na mawe. Ukimya wetu haukumfundisha usafi. Ulimfundisha kwamba sisi ni watu wa bei nafuu. Mtu hawezi kurekebisha kosa ambalo hajaambiwa, na kila anachorekebisha kwa kubahatisha huweza kumzidishia kosa.

Wazee wetu katika elimu walilijua hilo, ndiyo maana hawakuliacha soko lijifunze lenyewe. Waliweka mtu wa hisba, muhtasibu, wa kupita dukani na kusema. Al-Shayzari, aliyeandika huko Sham katika karne ya 12, ana kitabu kizima cha kazi hiyo. Humo mkandaji wa unga wa mikate anatakiwa avae nguo ya mikono ya kubana, afunike mdomo asije akapiga chafya kwenye unga, ajifunge kitambaa kipajini jasho lisidondoke, na mchana awepo mtu wa kufukuza nzi. Ona ilivyo mahususi. Hakusema tu "kuweni wasafi". Alisema fanya hivi na hivi, vitu ambavyo mkandaji maskini naye aliweza kuvifanya. Kazi hiyo leo iko kwa afisa afya, na Uganda ina Sheria ya Afya ya Umma tangu mwaka 1935. Lakini afisa hafiki kila kichochoro, na mteja anayeingia dukani mara tatu kwa wiki huona mengi kuliko yeye.

Basi nilikwenda. Jumamosi moja baada ya Alasiri, wakati duka halina watu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kreti la soda, nikamwambia kwanza kwamba lile la masomo halikuwa kweli. Kisha nikamweleza la mchele.

Hakunishukuru, kama nilivyokuwa nimejitungia kichwani. Alinyamaza, kisha akasema, "Miezi yote hii, mwanangu? Na deni langu ulilipa, ukaniamkia, ukaondoka nalo moyoni?" Sikuwa na jibu. Ndipo akanyanyuka, akasogeza gunia la maharage, akanionyesha nyuma yake. Ukuta wa matofali ulikuwa umetoboka chini, tundu la kupita ngumi. Mwenye nyumba ameahidi kuliziba mara kadhaa. "Unadhani yule paka nilimleta wa kuchezea?" akaniuliza.

Nilitamani karatasi ya hosteli ingekuwa mbele yangu niisome upya. Paka tuliyemcheka ndiye aliyekuwa juhudi yake ya usafi.

Hata hivyo sikumwachia lake. Nilimwambia kwa heshima kwamba tundu ni la mwenye nyumba, lakini kuacha magunia wazi usiku ni lake, na kumuuzia mtu mchele anaojua kuwa panya wameufikia pia ni lake, kwa sababu kasoro ya bidhaa ni wajibu wa muuzaji kuibainisha. Alikubali, kwa uso uliokunjamana. Wiki iliyofuata tulikwenda wanafunzi watatu, tukanyanyua magunia juu ya mbao, tukachanganya saruji kidogo tukaziba tundu kwa upande wa ndani. Yeye alinunua mapipa mawili yenye mifuniko: moja la mchele, moja la unga.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yamekwisha. Wengi wa hosteli hawajarudi, na siwalaumu; mtu akishaona kinyesi kwenye mchele, koo lake halisahau upesi. Mimi mwenyewe mchele wa pipa nauchagua mara mbili kabla ya kuupika, na mbele yake ninaupekua kwa vidole kabla hajanipimia. Mwanzoni alikasirika. Siku hizi anafunua pipa mwenyewe na kuniambia, "Haya, tia mkono."

Ndugu yangu, nenda ununue pale moyo wako unaporidhika; hiyo ni haki yako. Lakini ukihama kwa sababu ya kasoro, mwambie mwenye duka kasoro hiyo, faraghani na kwa adabu, kabla hujawaambia wenzako au angalau siku hiyohiyo. Na ukifika dukani kunakong'aa, usione aibu kuuliza unga umetoka wapi.

Wallahu a'lam.