Mshenga Anayelipwa na Upande Mmoja

Kuna kazi ambayo ukijaribu kumweleza shosho utatoka jasho. Unaandika msimbo, lakini bidhaa si yako kujenga. Unafundisha mchana kutwa, lakini wewe si mwalimu. Huuzi kitu, ila wateja wakikosekana utaulizwa wako wapi. Kampuni inakulipa ufanye urafiki na wasanidi programu ili wajenge juu ya mitambo yake, si ya jirani. Wenyewe wanaiita DevRel. Shosho mwambie tu wewe ni mshenga, ataelewa mara moja.

Ushenga huu una miaka. Macintosh ya Apple ilipotoka Januari 1984, programu zake zilikuwa za kuhesabu. Mike Boich, na baadaye Guy Kawasaki, wakazunguka wakibembeleza kampuni ziandike programu za mashine ambayo watu wachache walikuwa wamenunua. Walijiita wainjilisti, na jina hilo bado liko kwenye kadi za kazi. Mimi hunitia wasiwasi. Mwinjilisti husema anachokiamini, mshenga husema alichotumwa, na kwenye kazi hii mtu mmoja anavaa kofia zote mbili. Sasa ahadi ikivunjwa, nani alikudanganya?

Chukua Parse. Facebook iliinunua 2013. Raha yake ilikuwa kwamba ungetengeneza app bila kuhangaika na seva wala hifadhi ya data, kila kitu cha nyuma wangekushikia wao. Januari 2016 wakatangaza kwamba wanafunga, na Januari 2017 ikazimwa. Tuwe wa haki: walitoa mwaka mzima, na msimbo wakauachia watu wajiwekee seva zao. Hiyo ni talaka yenye adabu.

Twitter ni hadithi nyingine. Oktoba 2015 Jack Dorsey alisimama mbele ya wasanidi akaomba radhi kwa jinsi kampuni ilivyowatendea, akataka waanze upya. Januari 2023, chini ya mwenye mali mpya, app kama Tweetbot na Twitterrific zikakatwa bila hata barua. Watu walikuwa wamejenga riziki hapo kwa miaka. Simaanishi Dorsey alidanganya. Naona aliweka rehani kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukilinda baada ya kuondoka. Na huyo alikuwa bosi mkubwa! Je, yule kijana wa DevRel aliyekuwa akijibu maswali yako saa sita usiku?

Yeye mwenyewe hana uhakika wa kesho. Riba ilipopanda Marekani kuanzia 2022, pesa za mteremko zikaisha. Januari 2023 Google ilitangaza kuachisha watu kama 12,000, Microsoft 10,000, na washenga hawakusazwa. Kazi yao ni ngumu kuitetea kwa hesabu. Utapimaje imani ya mtu? Basi unahesabu waliojisajili, waliotazama video, waliochukua stika. Siku hizi msanidi akikwama anauliza roboti la AI badala ya kukuuliza wewe, kwa hivyo hata hizo namba zinapungua.

Lakini walio na hatari zaidi ni wale wasiolipwa kabisa. Vikundi vya wasanidi vinavyobeba jina la Google, kwa mfano, huendeshwa na watu wa kujitolea, na hapa Kenya viko. Fikiria mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Jumamosi anatafuta ukumbi, anapanga viti, anapigia wasee simu waje. Kampuni kubwa inatoa tisheti na piza. Yeye anatoa jina lake. Wanafunzi wenzake hawaji kwa sababu ya kampuni, wanakuja kwa sababu ni yeye aliyesema iko poa. Mpango ukifungwa, makao makuu yatatuma barua pepe ya shukrani. Yeye atakutana nao kwenye foleni ya meno.

Wengine husema tatizo ni mshahara, kwamba rafiki wa kulipwa si rafiki. Sikubaliani. Daktari analipwa, na tunamwamini. Pesa haiharibu neno. Kinachoharibu ni kuficha lile jambo ambalo msikilizaji angelijua angebadili uamuzi. Mshenga wa kweli alijua bwana arusi ana madeni, na alitakiwa aseme kabla ya mahari kutajwa. Kwa hivyo mtu wa DevRel anayekuonyesha jinsi ya kuingia ana deni la kukuonyesha jinsi ya kutoka: bei inaweza kubadilika wakati gani, data yako unaihamishaje, kipengele gani cha mkataba kinawaruhusu kukuzimia. Kama mwajiri wake hamruhusu kusema hayo, basi hicho anachofanya ni tangazo la biashara, na alipe watu kama anavyolipa matangazo, kuanzia na yule mwanafunzi.

Utaniambia akisema hivyo atafutwa. Inawezekana kabisa, na watoto wake wanataka karo. Ndiyo maana mzigo wa kuuliza hauwezi kubaki kwake peke yake. Mkutano ujao, akimaliza slaidi zake, inua mkono umuulize: mkifunga hii kitu, mimi natokaje? Akijibu papo hapo, mpe sikio. Akimtazama bosi wake kwanza, wewe kula piza yako.