Kiasi cha Ini

Wanangu, hili nimelisema barazani, nimelisema tukitoka kuzika, na leo nalirudia nikiwa nimechoka. Mtu anashinda kwenye mpunga au kwenye nyavu za kamba, jioni mgongo unauma, anameza panado mbili. Usiku kichwa kinagonga, anameza mbili nyingine zenye jina la duka jingine. Asubuhi ana mafua, anapewa dawa ya mafua, na humo ndani mna parasetamoli ile ile. Pakiti zote tatu zimeandikwa hivyo. Hakuna aliyezisoma.

Kila kigeni kinachoingia mwilini, kiwe dawa au sumu, lazima kitafutiwe njia ya kutokea. Kinachoyeyuka majini, figo hukichuja kikatoka kwa mkojo. Chenye asili ya mafuta hakitoki hivi hivi. Ini hukibadilisha kwanza kwa vimeng'enya vyake, kisha hukibandika kitu cha kukifanya kiyeyuke, ndipo kikatoka kwa mkojo au kwa nyongo na choo.

Hapa tulieni mnisikilize, maana ndipo watu wanapoangamia. Katika kubadilisha huko, ini wakati mwingine huzaa kitu kikali kuliko kile kilichoingia. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu nayo huzidi ukali ikishapita mikononi mwa ini. Hata klopirifosi, dawa ya kuulia wadudu, ini ndilo huigeuza kuwa sumu kali ya mishipa ya fahamu, na haihitaji kunywewa, ngozi tupu inatosha kuipitisha. Kisha namkuta mtu kule madunguni anachotea maji ya kunywa kwa dumu la dawa ya shamba, eti amelisuuza. Wanangu, toboeni yale madumu.

Parasetamoli, kwa kiasi chake, ni dawa njema wala siikatazi. Sehemu kubwa yake ini huifungasha ikatoka salama. Sehemu ndogo hugeuka kitu kikali, na ini lina akiba ya kukizima, iitwayo glutathioni. Ukizidisha vidonge, akiba inakwisha, na kile kikali kinaanza kuua ini lenyewe. Mnywaji wa gongo, au aliyekaa siku kadhaa bila kula vizuri, akiba yake ni haba tangu mwanzo. Mtoto mchanga ini lake halijakomaa; kipimo chake ni kwa uzito wake, hapewi kipande cha kidonge cha baba. Mtu mzima mwenye afya ameze viwili vya miligramu 500, asirudie kabla ya muda wa saa nne kupita, na kwa saa 24 asivuke vidonge vinane, ahesabu na vile vilivyomo ndani ya dawa ya mafua.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba aliyezidisha haonekani mgonjwa. Siku ya kwanza atatapika kidogo, au asitapike kabisa. Ya pili atasema amepata nafuu, na watu watarudi shambani. Macho yakija kuwa ya manjano, siku ya tatu au ya nne, ini limeshaharibika. Ipo dawa inayorudisha ile akiba, asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu vidonge vimezwe. Maziwa hayaifanyi kazi hiyo, wala madafu.

Sasa pigeni hesabu ya saa hizo nane huku kwetu deltani. Maji yakianza kupwa, ni kama saa sita mpaka yafike chini, na mtumbwi uliokwama kwenye tope la mkondo hausikii kilio cha mama. Aliye kisiwani afike kwanza Nyamisati, apate gari mpaka Bungu, ndipo aende Kibiti kutibiwa. Wa mjini zile saa nane ni zake. Zetu tunagawana na bahari.

Kwa hiyo msingoje dalili. Mkijua tu mtu amezidisha, hata akiwa anacheka, mpigieni simu mganga wa zahanati saa ile ile na mkatazame maji. Pakiti zake zote, hata tupu, ziende naye, na saa aliyomeza iandikwe juu ya mojawapo.