Breki ni za Nani?

Katika gereji moja ya Arua Hill, kijana alileta Subaru Impreza ya zamani. Alitaka shokomzoba mpya na springi fupi, gari lishike kona vizuri. Fundi alipofungua magurudumu, akakuta pedi za breki zimekwisha na diski zimeliwa. Kijana akasema, "Funga tu, mzee. Gari ni langu. Breki mwezi ujao."

Je, fundi atii? Wengine husema mwenye mali ndiye mwamuzi. Mimi nakataa. Breki ni za kila mtu aliye mbele ya gari: mama muuza mihogo, mtoto atokaye shule, bodaboda wa barabara ya Koboko. Mwendo ukiongezeka mara mbili, gari huhitaji umbali mara nne ili lisimame. Umbali huo si mali ya dereva.

Tena shokomzoba mpya zingempa kijana moyo wa kukimbia zaidi. Fundi angekuwa ameongeza hatari, kisha akalipwa.

Utasema kijana atakwenda gereji nyingine. Huenda. Lakini kosa la jirani halinipi ruhusa. Pesa zikiwa chache, breki kwanza, shokomzoba zingoje.